Mwanamke Aliyeupa Uwanja Mgongo

Kwa miaka yote niliyomjua, Afande hakuona goli hata moja. Alihudhuria kila mechi ya nyumbani ya timu ya chuo chetu na nyingi za ugenini, na mara nyingi alifika uwanjani kabla ya wachezaji wenyewe. Lakini akishaivaa ngoma yake kubwa kifuani na kukaza mikanda, aliupa uwanja mgongo, akatutazama sisi mashabiki mpaka filimbi ya mwisho. Tukifunga, alijua kwa nyuso zetu. Tukifungwa, alijua kwa nyuso zetu vilevile.

Ninaandika habari zake kwa sababu msimu uliopita unakataa kwisha. Wengi wetu tulishamaliza chuo, tuna kazi, wengine wana watoto, na bado tukikutana wawili tu, kabla soda haijafunguliwa, mmoja ataanza, "Lakini kweli, nani aliruka kwanza?" na mwenzake atamkatiza, "Ssebo, bwana, leo tuache." Hatuachi. Tunaanza upya kutoka mechi ya kwanza, tunapita kwenye sare za kijinga na mvua ya siku ile uwanja ulipogeuka bwawa, mpaka tunafika kwenye nusu fainali. Tukifika hapo kila mtu hutafuta kisingizio cha kwenda nyumbani.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hilo sikuuliza. Alikuwa Mnubi, mjane, sajini mstaafu wa bendi ya polisi, na aliishi Kasubi, hapahapa Kampala. Jinsi alivyofika chuoni kwetu nimesimuliwa kwa namna tatu. Wa kwanza aliniambia alikuja kumtafuta mpwa wake siku ya mechi. Wa pili alisema alikuwa akipita na bodaboda, akasikia tunavyopiga madebe, akamwamuru dereva asimame kwa sababu hakuweza kuvumilia aibu ile. Wa tatu alikuwa Afande mwenyewe. "Nilikuja," alisema. "Sasa unataka nini tena, Mwandishi?"

Aliniita Mwandishi kwa kuwa nilikuwa nikiandika habari za mechi na kuzibandika kwenye ubao wa chuo. Hakuna aliyemwita kwa jina lake, na yeye hakuita mtu kwa jina. Kulikuwa na Mwenyekiti, kijana wa sheria aliyechaguliwa kuongoza mashabiki na ambaye hakuwahi kuongoza kitu Afande akiwapo. Kulikuwa na Miwani, Mama Mwavuli, Yule wa Nyuma. Na kulikuwa na Kipa.

Watu wa Kampala hawana uhusiano mzuri na Kiswahili. Nyumbani kwetu, mtu akibisha hodi kwa Kiswahili, bibi yangu alizima taa kwanza, kisha akauliza ni nani. Ni lugha iliyotujia na buti na vizuizi vya barabarani. Ajabu ni kwamba pale kwenye mteremko wa nyasi tulipokaa, watoto wa Masaka, Mbale na Mbarara tulinguruma kwa Kiswahili cha Afande bila aibu. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, kilichopunguzwa uzito ili kitembee haraka.

"Simama!" alisema, tukasimama.

"Nani hiyo anatoka? Wewe! Refa amepiga filimbi?"

"Hapana, Afande. Naenda kununua maji."

"Maji iko tumboni yako tangu asubuhi. Kaa."

Hilo la kutotoka lilikuwa sheria yake ya kwanza. Tulikuwa tumezoea kuondoka kabla ya mechi kwisha ili kuwahi usafiri, hasa siku za kufungwa. Yeye alisimama mbele ya njia ya kutokea na ngoma yake na hakuna aliyepata ujasiri wa kumpita. Sheria ya pili: hakuna kumtukana refa. Alisema refa ni mtu wa kazi kama askari wa trafiki, anakula vumbi na lawama. Lakini yeye mwenyewe aliitukana mvua, kwa Kinubi, kwa maneno ambayo mpwa wake alikataa katakata kututafsiria.

Alikuwa mtu wa kinyume namna hiyo. Alitufokea kwa kuchelewa, na hakuwahi kumaliza mazungumzo yoyote kwa wakati. Alidai hapendi vijana wa siku hizi, na Mama Mwavuli alipofiwa na baba yake, Afande alisafiri naye mpaka kijijini, akalala huko na kurudi akilalamika kuhusu barabara. Wakati wa mapumziko aliivua ngoma, akamkabidhi Mwenyekiti, akaenda kuswali nyuma ya mti wa kona. Ole wake Mwenyekiti aijaribu hata kwa kidole.

"Ulipiga," alimwambia siku moja aliporudi.

"Sikupiga, Afande. Kidole kiligusa tu."

"Kidole yako imeleta mkosi. Tukifungwa, ni wewe."

Tulishinda siku ile, na bado alimnunia.

Nilimuuliza mara nyingi kwa nini hatazami mchezo. Jibu lake halikubadilika sana. "Mpira iko na watu wengi wanaangalia. Nyinyi, nani anaangalia nyinyi?" Katika bendi, alieleza, mpiga ngoma kubwa hatazami gwaride wala rais jukwaani. Anatazama fimbo ya kiongozi. Fimbo ikishuka, anapiga. "Sasa hapa fimbo ni uso yenu," alisema. "Nyinyi ndiyo televisheni yangu. Shida ni kwamba televisheni yenyewe mbovu." Kisha akamnyooshea Miwani mkwaju wa kupigia ngoma. "Kama huyu. Macho inasema kona, mdomo inasema goli. Amua, kijana!"

Tulijifunza kuamua. Hata nje ya uwanja nilijikuta ninakunja uso vizuri nikiona jambo, kana kwamba kuna mtu mbele yangu anayehitaji kujua.

Midundo yake ilikuwa michache na kila mchezaji aliijua. Mmoja ulikuwa wa kusukuma mashambulizi, mmoja wa kutuliza. Mchezaji akiumia, awe wetu au wao, ngoma ilinyamaza kabisa. Goli likiingia, alipiga mara tatu, taratibu, na baada ya pigo la tatu ndipo sisi tulipasuka. Uwanja wetu hauna ubao wa kuonyesha magoli, na upande wa chini unateremka, kwa hiyo mabeki wakiwa nyuma hawakuona vizuri yanayotokea mbele. Waliyajua magoli yetu kwa mapigo yale matatu. Wakiyasikia waliacha nafasi zao na kuukimbilia mteremko wetu. Kocha alilalamika mwanzoni. Tulipoanza kushinda, alinyamaza.

Kipa naye alikuwa na yake. Alikuwa mtoto wa kambi ya polisi, baba yake askari kutoka Kitgum, na Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kuchezea tangu utotoni. Yeye peke yake katika timu aliongea na Afande bila kubabaika. Baada ya mazoezi walikaa kwenye nyasi wakibishana juu ya kambi ipi ilikuwa na uji mbaya zaidi. Goli likiingia, Kipa alikimbia mpaka duara la katikati, akasimama kikakamavu, akaupigia saluti mgongo wa Afande. Afande hakugeuka. Aliona saluti ile kwenye vicheko vyetu, akainua mkwaju mmoja juu kuipokea. Wageni waliokuja na timu nyingine walikuwa wakitoa simu zao kupiga picha.

Sasa nifike kwenye nusu fainali, kwa kuwa hakuna namna ya kuizunguka.

Ilikuwa mechi ya marudiano, nyumbani. Ugenini tulitoka sare ya goli moja kwa moja, kwa hiyo sare bila magoli ingetupeleka fainali, mahali ambapo chuo chetu hakijawahi kufika. Kipindi cha pili kilikuwa kinakaribia kwisha na hatukuwa tumefungana. Winga wetu alipenya, akapiga shuti. Mpira ulipita nje ya mlingoti wa mbali na kugonga nyavu za pembeni kwa nje. Kutoka kwenye mteremko wetu, nyavu zilitikisika na mpira ulionekana ndani. Mtu yeyote aliyekaa pembeni ya uwanja anakijua kiinimacho hicho. Tuliruka, mikono juu. Afande alizisoma nyuso zetu, akapiga mara tatu.

Mabeki waliusikia mdundo, wakaja mbio kwetu. Kipa alikimbia mpaka katikati, akasimama, akapiga saluti. Refa alikuwa ameonyesha golikiki. Kipa wa wageni hakupoteza muda. Aliuweka mpira na kuupiga mbali kuliko nilivyowahi kuona mtu akipiga, juu ya kichwa cha kijana wetu ambaye mkono wake ulikuwa bado kwenye paji la uso. Straika wao alikuwa peke yake upande wetu. Kwenye golikiki hakuna kuotea. Aliukokota mpira mpaka golini akitembea, akageuka kumtazama refa kama anayeomba ruhusa, akausukuma ndani.

Nyuso zetu zilifanya nini wakati ule, sijui. Ninachojua ni kwamba Afande alizitazama muda mrefu, akashusha mikono yote miwili, kisha, kwa mara ya kwanza mbele yetu, akageuka kuangalia uwanja. Nusu yetu nzima, iliyokuwa ya juu kipindi kile, ilikuwa imejaa wachezaji wa wageni wakikumbatiana.

Kila mwisho wa msimu tulikuwa na kikao Kansanga, barabara ya Ggaba, kwenye baa moja ya nyama choma ya nguruwe. Afande hakuingia humo. Alikaa nje kando ya muuza roleksi, akila chapati yake na mayai, na kila mwaka kikao kizima kilihamia barabarani kumfuata, viti mikononi. Kikao kilikuwa na sheria moja, naye ndiye aliyeiweka: unasema ulichokiona kwa macho yako. Hakuna "nilisikia," hakuna "wanasema." Ilitusaidia sana. Miaka iliyotangulia ilizima ugomvi mwingi kabla haujawaka.

Mwaka huu sheria ile ilifanya kazi nyingine. Mwenyekiti alianza.

"Mimi niliona kwa macho yangu," alisema, "kipa ameacha goli. Mpira uko uwanjani, yeye yuko katikati anapiga saluti."

"Hata mimi niliona," alisema Miwani.

"Banange, nani hakuona?" alisema Mama Mwavuli. "Kipa gani huyo anayecheza namba sita?"

Watu walicheka, wakapokezana. Kila mmoja alikuwa ameona kitu kilekile, na kila mmoja alisema kweli. Hakuna aliyetamka neno ngoma. Nilitazama huku na huku nikingoja mtu alitamke, na niliona wengine nao wananitazama. Zamu ilipomfikia Afande, magari yalikuwa yamesongamana barabarani na ilibidi apaze sauti.

"Mimi sikuona kitu," alisema.

Hiyo pia ilikuwa kweli. Alimaliza chapati yake, akafuta vidole, akaita bodaboda. Tulimsaidia kuipandisha ngoma katikati yake na dereva. Hakutuaga.

Mzaha wa Mama Mwavuli ulifika chuoni kabla yetu. Kwenye foleni ya chakula walimuuliza Kipa, "Leo unacheza namba ngapi?" Mlangoni mwa bweni wakampigia saluti. Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akahama bweni, akaenda kukaa kwa kaka yake, na mazoezi ya msimu mpya yalipoanza hakutokea. Kocha alimpigia simu, hakupokea. Afande naye hakuonekana tena. Wanafunzi wapya walipendekeza kukodi spika kubwa ya muziki, na Mwenyekiti, ambaye sasa anafanya kazi mjini lakini bado hajaachia kiti, alinituma Kasubi.

"Nenda wewe, Mwandishi. Wewe anakusikiliza."

"Hasikilizi mtu."

"Basi nenda ukamsikilize."

Nilimkuta barazani alasiri, amekaa chini, miguu amenyoosha, anasuka kifuniko cha chakula kwa ukindu wa rangi nyingi, kama wanavyosuka wanawake wa kwao. Alinikaribisha, akanipa chai yenye tangawizi kali, akaniuliza habari za kazi, za mama yangu, za barabara. Nilimpa zote. Kisha nikamwambia mechi ya kwanza ni Jumamosi na watu wanamngoja.

"Kipa amerudi?"

"Hapana, Afande."

"Basi wananingoja mimi kufanya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza kwamba lile halikuwa kosa lake, kwamba sisi ndio tulioruka kwanza na yeye alitusoma tu. Nilimwambia ningeandika hivyo na kubandika ubaoni, kwamba sote tulidanganywa na nyavu.

"Sote," alisema. "Mwandishi, kwenye bendi mtu akikosea ngoma, wote wanakosea miguu. Wewe ulisikia wapi wamefunga miguu jela?"

Alisuka kidogo, akafumua alichosuka.

"Ile siku Kansanga mimi nilisema kweli," aliendelea. "Ile kweli ilinificha mimi, ikaacha mtoto nje. Nimeenda kwa kaka yake. Anasema amelala. Naenda tena, anasema ametoka, na viatu yake iko mlangoni, naiona. Simu yangu hapana shika." Akanyoosha mkono. "Yako atashika. Piga."

"Afande, sijui kama..."

"Piga. Weka sauti nje."

Nilipiga. Iliita kwa muda mrefu, nami nilitamani isipokelewe. Ikapokelewa.

"Mwandishi, habari ya siku?"

Afande aliichukua simu, akaishika mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo wa moto. "Hapana kata," alisema. "Ni mimi. Hapana kata simu."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za redio, kisha redio ikazimwa.

"Sikati, Afande."

"Ile goli ni yangu. Ni ngoma ilipiga, siyo wewe. Nitasema mbele ya watu wote, Jumamosi, na huyu Mwandishi ataandika. Nilikuwa niseme kule Kansanga, nikaogopa. Nilitaka nikuambie wewe kwanza."

Kipa alipojibu, sauti yake haikuwa na hasira, na nadhani hilo ndilo lililomfanya Afande aache kusuka kabisa.

"Afande, mimi niliuona ule mpira. Nilikuwa nimeuelekea moja kwa moja. Niliona umepita nje."

"Uliona?"

"Niliona. Halafu nikasikia ngoma. Nikasema, kama ngoma imepiga, basi macho yangu ndiyo mabaya."

Mtoto wa jirani alipita akiburuta jerikeni tupu. Afande alingoja apite. Niliutafuta uso wake kama alivyokuwa akiutafuta wetu, lakini sikuweza kuusoma.

"Basi rudi," alisema mwishowe. "Jumamosi rudi ukae golini. Mimi siji. Wana spika kubwa sasa, itapiga hiyo. Hakuna mtu atakudanganya tena."

"Spika?"

"Spika. Ya muziki."

"Kama ni spika, mimi sirudi."

"Kijana, sikiliza..."

"Hapana, Afande. Wewe sikiliza. Watu wananiuliza nacheza namba ngapi, nimevumilia. Lakini nikae pale golini nyuma yenu kule, peke yangu, napigiwa spika? Hapana. Ukija, nitakuja. Usipokuja, nalala."

"Na nikikosea tena?"

"Nitakaa golini. Saluti nitapigia hapohapo."

Akakata. Afande alibaki ameishika simu, akiitazama kama vile bado kuna mtu ndani yake. Kisha akanirudishia, akaokota ukindu uliokuwa umetawanyika mapajani, akaufunga pamoja, akauweka kando.

"Jumamosi," aliniuliza, "inaanza saa ngapi?"